Naomba Aya Moja Tu

Kwa muda mrefu niliamini kwamba walimu wenzangu hawakuandika kwa sababu ya uvivu. Niliamini hivyo kwa uhakika wa mtu aliyepita chuo kikuu, ambaye mara nyingi huziona kasoro za wengine kabla hajawaona wenyewe. Nilikosea, na aliyelipia kosa lile hakuwa mimi.

Alikuwa mwalimu mwenzetu tuliyemwita Bi Kengele. Jina hilo alilipata zamani, wakati sauti yake ilipokuwa ikisikika kutoka darasa la mwisho hadi langoni, na watoto waliokuwa uwanjani wakikimbilia ndani kabla kengele yenyewe haijagongwa. Nilipohamia shule ile bado alikuwa nayo. Kisha miaka ya vumbi la chaki na madarasa yaliyofurika ikamkaba koo. Daktari alimwagiza aipumzishe sauti. Akaipumzisha, nayo haikuamka tena. Ulibaki mnong'ono wa kukwaruza, kama wa mtu anayekunja gazeti. Jina tuliliacha vilevile, maana kulibadilisha kungekuwa kumkumbusha.

Mwalimu asiye na sauti hapewi darasa. Mkuu wa shule, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimtafutia kazi: jarida la wazazi, karatasi moja iliyokunjwa katikati, ambayo watoto wangeipeleka nyumbani kila mwisho wa mwezi. Nilikuwepo ofisini alipomweleza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa lugha na nilitakiwa kumsaidia.

"Mama, nisikufiche," alisema Mkuu. "Wakaguzi wakija mwisho wa mwaka wataniuliza unafanya nini hapa. Nikiwaonyesha jarida ambalo walimu wanaliandika, nina la kusema. Likiwa na tarehe za mitihani na rangi ya sare tu, wataniambia hiyo ni kazi ya karani. Wewe watakupeleka kwenye ghala la vitabu la idara, na ghala unajua liko mji gani."

Bi Kengele aliitikia kwa kichwa. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya uzio wa shule, na ndani yake alilala mumewe, dereva wa lori aliyepooza upande mmoja. Kila mapumziko alipita kwenye kijilango cha uzio, akamgeuza ubavu, akamnywesha maji kwa kijiko, akarudi kazini. Ghala la vitabu halikuwa na kijilango kama kile.

Toleo la kwanza lilijaa pomoni. Mwalimu wa michezo, tuliyemwita Firimbi, aliandika juu ya mbio. Mwalimu wa hisabati alieleza jinsi mzazi anavyoweza kumfundisha mtoto kugawanya kwa vifuniko vya chupa. Mwalimu wa darasa la kwanza, dada mmoja mpole, aliandika juu ya watoto wanaolia siku ya kwanza na wazazi wanaolia zaidi yao. Bi Kengele alibandika nakala moja kwenye ubao wa chumba cha walimu, kisha akasimama mbele yake akizinyoosha kona, kama mama anayemwekea mtoto kola sawa kabla ya kumwachia atoke.

Kesho yake tuliikuta nakala ile imesahihishwa. Wino mwekundu, maduara kwenye makosa, mistari chini ya sentensi zilizopinda, na alama pembeni ya kila makala. Hisabati, tano kwa kumi. Darasa la kwanza, sita. Firimbi alipata nne, na chini yake maneno kwa herufi kubwa: RUDIA KAZI. Mwandiko haukutambulika, maana sote tulifundishwa kusahihisha kwa mwandiko uleule.

"Firimbi, umefeli!" alipiga kelele mwalimu wa hisabati. "Kesho uje na mzazi!"

"Mzazi wangu alinikatia tamaa tangu darasa la pili," alijibu Firimbi, akacheka kuliko wote.

Nami nilicheka. Niliuona kuwa utani wa watu wanaoshinda wakisahihisha madaftari hata mkono ukawawasha. Sikuufikiria tena.

Toleo la pili lilipokaribia, Bi Kengele alianza kuzunguka mezani kwa watu. Ili asilitese koo, alikuwa amekata vikaratasi na kuandika juu ya kila kimoja: Naomba aya moja tu. Alikiweka mbele ya mtu, akasimama, akatabasamu.

"Mama, mimi mtu wa namba," alisema mwalimu wa hisabati. "Maneno yakiniona yanatimua mbio."

"Wiki ijayo, mama, nikijaliwa."

"Acha mitihani ipite kwanza."

Mwalimu wa darasa la kwanza alikipokea chake kwa mikono miwili, akakitia mkobani. Mwezi uliofuata alipokea kingine, nacho kikaingia mkoba uleule.

Katika kikao cha walimu nilisimama nikatoa hotuba ndefu juu ya wajibu, mfano mwema na mengineyo ninayoona haya kuyarudia. Walinisikiliza wakitazama saa zao. "Basi andika wewe, Profesa," sauti moja ilitoka nyuma, "wewe uliyesomea." Nikaandika. Niliandika katika kila toleo, na kila toleo lilisahihishwa ubaoni kama la kwanza. Mimi nilipata sita kila mara, na maneno: NDEFU MNO. Nilidhani ninamwokoa Bi Kengele.

Siku moja jioni nilimfuata Firimbi kwenye stoo ya michezo. Alikuwa amepiga goti, anajaza mpira upepo.

"Kaka, aya moja tu. Unajua kitakachompata yule mama."

Hakuinua macho. "Safari hii utanipa ngapi, Profesa? Tatu?"

"Mimi?"

"Nani mwingine? Mwalimu wa lugha, shahada umeitundika ukutani. Na hizo sita unajipa mwenyewe ili tusikushuku. Chumba kizima kinajua."

Niliapa kwa viapo vyote ninavyovijua. Aliendelea kusukuma pampu, mpira ukiguna.

"Haya, labda si wewe," alisema mwishowe. "Lakini yupo. Mimi shule nilifeli, kaka. Ualimu huu nimeupata kwa miguu, kwa kukimbia mbio. Mara ya kwanza naandika kitu ambacho si taarifa ya goti la mtoto lililochubuka, naambiwa nirudie kazi. Mbele ya mwalimu wa darasa la kwanza." Akafuta mpira kwa kiganja. "Na yule, mimi... basi tu."

Ndipo nilipoelewa kwamba hawakuwa wavivu. Walikuwa watu walioishi na kalamu nyekundu mkononi, na kwa hiyo waliujua uzito wake kuliko mtu yeyote.

Niliamua kumweleza Bi Kengele. Nilimsubiri kwenye kijilango wakati wa mapumziko. Alitoka na mkono wa gauni uliolowa maji, akinukia dawa ya kuchua, na nywele zimechomoka kitambaani. Nikamtazama. Niliona ukatili kumwongezea mzigo wa kujua kwamba alama zile, ambazo nilidhani naye anaziona utani, zilikuwa za mtu anayemharibia kazi.

"Dada," nilisema tu, "safari hii tusiibandike ubaoni. Tuwagawie watoto, yaishe."

Alinitazama kwa mshangao. "Mdogo wangu," alinong'ona, "mwalimu asiyeiona kazi yake ubaoni ataandika kwa ajili ya nani?"

Sikumwambia.

Badala yake nilimbembeleza Firimbi hadi akachoka nami. Aliandika. Aya moja, juu ya mtoto wa kike anayekuwa wa mwisho katika kila mbio, na ambaye akifika mstarini, kabla hajapata pumzi, huuliza kama watakimbia tena. Bi Kengele aliisoma akiwa amesimama. Mabega yakamtikisika, nilidhani analia, kumbe anacheka, kicheko kisicho na sauti hata kidogo. Toleo lilipotoka, mwalimu wa darasa la kwanza alilisoma mara mbili, akatoa kikaratasi mkobani, akakikunjua mezani na kuanza kuandika nyuma yake. Wiki mbili zilikuwa zimebaki kabla ya wakaguzi. Kwa siku moja nzima niliamini tumefika.

Asubuhi iliyofuata alama zilikuwepo. Firimbi, tano kwa kumi. UMEJITAHIDI.

Alisimama mbele ya ubao na firimbi yake mdomoni, asiipulize. Safari hii hakuna aliyecheka, hata mwalimu wa hisabati. Mwalimu wa darasa la kwanza alikikunja kikaratasi chake, mara moja, mara mbili, hadi kikawa kidogo kama kidonge. Nilikwenda nikaichana ile nakala kutoka ubaoni. Walinitazama wote, na katika macho yao niliona kwamba nilikuwa nimejithibitisha kuwa ndiye mwenye kalamu nyekundu.

Wakaguzi walikuja. Mkuu alipanga matoleo yote juu ya meza, akajitahidi kusema. Mmoja wao aliyapekua, akauliza kwa upole, "Tangu toleo la pili, mwandishi hapa ni kama mmoja tu, siyo?" Kabla muhula mpya haujaanza, Bi Kengele alihamishwa. Mumewe alibebwa kwenye godoro hadi kwa dada yake, upande mwingine wa mji. Jarida lilirudi kwa karani, na halafu likakoma, na sikumsikia mzazi hata mmoja akiliulizia.

Mwaka uliofuata nilitumwa ghalani kuchukua vitabu. Nilimkuta ameketi kati ya rafu, kwenye kiti kilichofungwa kamba, shuka mabegani kwa sababu ya baridi ya sakafu.

"Shikamoo, dada. Mzee hajambo?"

"Yuko kwa wifi. Wanamgeuza wakikumbuka." Mnong'ono wake ulikuwa umepungua, ilinibidi niiname. "Firimbi je? Aliandika tena?"

"Hakuandika."

Alitikisa kichwa, kwa huzuni ya mwalimu anayesikia kwamba mwanafunzi wake mzuri ameacha shule.

"Masikini. Unajua, waliponinyang'anya darasa, kilichoniuma zaidi ni kukosa daftari la kusahihisha. Jarida lile lilinifariji. Nilikuwa nawahi kabla yenu, napitia kila mmoja, simwonei mtu. Wewe ulikuwa unarefusha mno. Lakini yule nilimpa nne, akarudia, nikampa tano. Mtu anapanda hivyo! Nilikuwa nangoja ya tatu tu, nimpe saba."