Fundi wa Programu Anayepiga Simu Kuomba Radhi

Saa moja kasoro robo asubuhi, ofisi haina mtu mwingine. Mwanamke mwenye miwani iliyotiwa gundi pembeni anawasha kompyuta ya kijivu iliyochakaa, herufi kadhaa zimefutika kwenye kibodi. Inakoroma, inatulia, kisha inasema kwa sauti ya kike, "Karibu."

Naye, bila kuona haya, anaijibu: "Ahsante, bibi."

Wenzake humtania kwa kumwita Mama Vikongwe. Wala hachukii. "Waache waseme. Hiki kikongwe kimenitia adabu," anasema huku akicheka.

Ni fundi wa programu, ana miaka thelathini na minne. Miaka sita iliyopita alitengeneza programu ya kuwasomea wasioona kila kilichoandikwa kwenye kompyuta. Aliitengeneza kwa ajili ya mtu mmoja tu: shangazi yake asiyeona, aliyemlea, ambaye riziki yake ni kusikiliza rekodi za vikao na kuziandika. Leo inatumiwa na watu 612.

Mwaka huu alitaka kuiongezea kasi. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, zikiwa za aina moja zote huzijua amri za msingi, anaeleza. Baadhi ya zile mpya huongezewa amri nyingine, za kufanya hesabu nyingi kwa mkupuo. Alipokuwa akikamilisha toleo jipya, aliiruhusu programu itumie kila amri inayojulikana na kompyuta yake. Na yake ilikuwa mpya kabisa.

"Sauti ikawa inatiririka! Nikaijaribu kwenye kompyuta zote za ofisini, shwari. Kumbe zote zilinunuliwa siku moja." Anajishika kichwa. "Loo! Nilijisahau kama nini."

Toleo hilo lilipowafikia watumiaji, kwenye kompyuta kuukuu programu ilikutana na amri ambayo prosesa haikuijua. Ikajifunga papo hapo. Kwenye kioo lilitokea onyo la maandishi, lakini nani angelisoma?

Jumamosi alipokwenda kumjulia hali shangazi, aliikuta kompyuta imefunikwa kitambaa.

"Shikamoo, shangazi. Mbona umeifunika?"

"Marahaba. Imepumzika tu, mwanangu."

Wapi! Kwa siku nne shangazi alikuwa akiifuta vumbi, akichomoa waya na kuuchomeka tena, na kazini akiwaambia ana mafua.

"Nilijua nimeiharibu mimi," shangazi anasimulia. "Nikasema basi, vidole vimezeeka, kazi imeniponyoka. Nikaona aibu kumwambia mtoto."

"Nililia mbele yake," fundi anasema. "Niliharibu mimi, halafu anajilaumu yeye!"

Alimwahidi kompyuta mpya. Shangazi akakataa katakata. "Mimi nina mtoto wa kaka fundi. Asiye naye je?"

Swali hilo lilimkosesha raha. Alipopekua kumbukumbu za matumizi ya programu, akakuta programu imenyamaza kwa watu 137 tangu juma lile. Walioandika kulalamika walikuwa watatu tu.

Akatafuta kompyuta kuukuu kama ile ya shangazi, ndiyo hii ya kijivu, akahangaika nayo siku kumi na tisa. Sasa programu huiuliza kwanza prosesa inajua amri zipi. Inayojua mpya hupitishwa njia ya mkato, isiyojua hupitishwa njia ya zamani. Kwa fundi ni kuandika kazi ileile mara mbili na kuipima mara mbili, na kwenye njia ya zamani sauti huchelewa kidogo kuanza.

Shangazi, aliyekwisha kurudi kazini, hana neno. "Ichelewe, mradi iseme."

Fundi anapanga kujaza rafu nzima kompyuta za kila umri, na toleo lolote lisitoke kabla halijazungumza kwenye zote. Lakini kwanza kuna daftari lenye namba 137 za simu. Amekwisha kupiga 96.

Saa mbili kamili anapiga ya 97. Anapokea mzee mmoja mwenye sauti ya upole.

"Ile kompyuta? Aa, niliiharibu mwenyewe, binti yangu. Nimeisukumia uvunguni."

"Hapana, baba," anasema. "Hukuharibu wewe. Niliharibu mimi. Itoe huko, tuiwashe pamoja."