Kiti cha Mbele ya Kompyuta

Miaka ile wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kumiminika Masasi, mmoja wao alifungua ofisi mtaa wa Mkomaindo, akaweka kompyuta. Mume wangu, mwalimu wa hesabu, aliwafundisha kuitumia, nao wakamwachia jioni aichezee. Akaanza kuitungia programu ya kucheza drafti. Msaidizi wake alikuwa karani wa ofisi ile, msichana wa rika langu. Mimi na kidato changu cha nne nilikuwa nyumbani, natwanga kisamvu, mtoto mgongoni.

Nilimwonea wivu, sifichi. Majirani walininong'oneza mambo ya mapenzi. Mimi kilichoniuma ni kile kiti alichokalia.

Tukila, mume wangu hakuwa na habari nyingine. Mashine ilikuwa nzito: ilianzia kete za kona ya kushoto, ikapima hatua zote kwa zamu, za maana na za kijinga, mpaka chai ya mume wangu inapoa. Sasa wamebadilisha mpangilio. Kama hakuna kete ya kula, inajaribu kwanza hatua iliyomwumiza mpinzani ilipopima njia nyingine. Ikimwumiza na hapa, inaacha kuhangaika na zilizobaki.

"Wazo la nani?" nikauliza.

"La yule dada. Ana kichwa kweli!"

Changu kilikuwa cha kubebea ndoo.

Kesho yake jioni nikambeba mtoto, nikawafuata. Karani akainuka kwa adabu zote.

"Shikamoo, shemeji."

Shikamoo! Mtu ambaye tungekaa dawati moja!

"Marahaba, mwanangu. Haya, mpakate mdogo wako, mimi nikae."

Akacheka kidogo, akampokea. Nikakaa kwenye kile kiti, bado kina joto lake.

"Mama mtoto, hapa ni kazini," mume wangu akasema.

"Ndiyo maana nimekuja. Nionyeshe."

Akanionyesha, shingo upande. Nilielewa upesi kuliko alivyotarajia, nikaona anaanza kunogewa. Basi nikauliza lililokuwa likinisumbua tangu jana: "Hiyo hatua mliyoipa nafasi ya kwanza, ikishindwa mara kwa mara, mashine inajua kuiteremsha? Au itaendelea kuitanguliza kwa mazoea tu?"

Akafungua mdomo. Hapo hapo karani, nyuma yetu, akauliza karatasi za kuchapishia ziko wapi. Mume wangu akageuka. Akamweleza kabati gani, rafu gani, akamtania tena na tena. Swali langu likabaki linaning'inia.

Nikageuka na mimi. Mwanangu alikuwa amekamata mkufu wa yule msichana, anacheka mpaka fizi zinaonekana. Hata yeye!

Nikainuka, nikamnyakua. Akapiga yowe, mikono anamnyooshea karani.

"Mwache tu, shemeji, hanisumbui."

Nikarudi kitini, nikampakata mtoto wangu huku akijirusharusha na kulia, nikamtazama mume wangu usoni.

"Nimekuuliza swali," nikasema. "Sitoki hapa mpaka unijibu."