Namba Mbili, Rudi

Kwetu Rahaleo, alasiri ya Iddi Pili, waoaji wanacheza mpira na makapera. Mchezo huu niliukuta na bila shaka nitauacha. Waoaji tunavaa jezi. Makapera wanacheza vifua wazi kwa sababu, kama wanavyoeleza akina mama, hawana wa kuwafulia. Maelezo hayo ni uzushi mtupu. Jezi yangu nimeifua mwenyewe miaka yote ya ndoa yangu, na aliyekuwa akiisimulia sana habari hiyo ya kufuliana ni mke wangu, kakaa kwenye mkeka chini ya mkorosho, sahani ya ming'oko ya kuchemsha, viazi pori vya kwetu, mapajani, anamenya huku anatutukana.

Sheria yenyewe haina huruma. Mtu akimwacha mkewe katikati ya mwaka anaweza kusingizia kwamba mama watoto kaenda kwao kuuguza, lakini Iddi Pili ikifika lazima avue shati, na mtaa wote unajua. Kuna bwana mmoja alijaribu kujitia mwoaji ilhali talaka keshaitoa. Aliyekuwa mkewe aliingia uwanjani na kanga kiunoni akamvua jezi kwa mikono yake, na refa akaona hiyo si faulo.

Mimi nacheza beki wa kulia, namba mbili. Kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha kule Chuno, na magoli ya uwanja wetu ni mkono wangu. Lile la upande wa barabarani limeinama kidogo. Mke wangu alisema limeinama kwa aibu, kwa mabao linayofungwa kupitia upande wangu.

Alikuwa na haki ya kusema. Ugonjwa wangu ni kupanda. Nikiuona mpira umekwenda mbele, miguu haina adabu tena, najikuta nimefika hadi kwenye kona ya wenzetu naomba pasi kwa mikono miwili. Kurudi ndiyo shughuli. Mpira ukipotea, winga wa makapera anapita kwenye shamba nililoliacha wazi, nami ninamfuata nyuma kama mtu aliyesahau chenji yake dukani. Hapo ndipo sauti ilipokuwa inatoka mkekani, nyembamba, kali, inasikika mpaka msikitini:

"Namba mbili, rudi! Huko mbele nani kakuita?"

Uwanja mzima ulicheka. Mimi nilikasirika, nikarudi, nikachelewa. Kila Iddi, hivyo hivyo. Na nyumbani jina likabaki. Nikikawia kuja kula, utasikia uani, namba mbili, rudi, ugali unapoa.

Mpira aliujua kuliko mimi, hilo nalisema bila kinyongo. Shuleni alicheza netiboli, mlinzi, na mpaka utu uzima alikuwa akitazama mchezo kwa jicho la mtu wa nyuma, anayemwangalia mtu asiye na mpira. Tulikwenda pamoja kibanda umiza kutazama mechi kwenye runinga, yeye mara nyingi mwanamke pekee mle ndani, kakaa benchi la mbele na mtandio wake, anabishana na wavulana mpaka wanamwita kocha. Zile timu kubwa mbili za Dar, moja ilikuwa yangu na nyingine yake. Timu yangu ikifungwa, usiku huo nililetewa ugali na bakuli la mchuzi lisilo na samaki hata mmoja. Nikiuliza samaki wako wapi, naambiwa wamepita upande wa namba mbili.

Alifariki mwaka jana, msimu wa korosho. Hakuugua sana. Sitaki kulieleza zaidi, kwa sababu nikilieleza nalirudia.

Watu walidhani nitaacha mpira. Sikuacha. Nilikwenda kibanda umiza peke yangu, nikakaa benchi la nyuma, na timu yangu ikashinda. Nikarudi nyumbani kwa miguu na ushindi wangu, nikafungua mlango, nikakuta hakuna wa kumtambia. Nikakaa nao pale sebuleni, ushindi, kama mgeni ambaye hamjuani. Tangu siku ile nimekuwa naishangilia timu yake, kimoyomoyo, na nawaomba wanaonijua walifiche hili. Nimemkumbuka mke wangu kuliko nilivyojua kwamba mtu anaweza kukumbukwa. Namkumbuka hata kwa yale yaliyonikera. Kwa yale hasa.

Basi ikaja Iddi ya mwaka huu. Nikaifua jezi yangu, nikaianika, nikaivaa, nikaenda. Njiani sikuwa na wasiwasi wowote. Wasiwasi ulinikuta uwanjani, makapera waliponipokea kwa shangwe.

"Karibu nyumbani, mzee! Vua!"

Walikuwa wanatania, nami natania vilevile, lakini kicheko changu hakikutoka. Nilisimama pale nimeshika pindo la jezi. Nikivua, nimekiri kwamba sina mke. Nikibaki nayo, huenda ikawa uongo, na uongo wa jezi mtaani kwetu nimeshaona unavyovuliwa. Nahodha wetu akakuna kichwa. Akasema sheria inawajua waliooa, wasiooa na walioacha, lakini aliyefiwa hajawahi kuja kucheza, wengine wote walikaa majumbani kwao. Wakamwuliza refa, mtu wa bandarini, Mkristo kutoka bara. Refa akasema yeye ni mgeni, hizo ni ndoa zetu wenyewe.

Aliyeamua ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Aliinuka mkekani, pale pale alipozoea kukaa dada yake, akapaza sauti:

"Mwacheni na jezi yake! Nnume wa dada yangu huyo. Hakuachwa wala hakuacha. Kafiwa!"

Makapera wakanipisha. Mmoja akaja kunipa mkono. Nikaachia pindo la jezi, mpira ukaanza.

Kipindi cha kwanza nilipanda kama kawaida yangu. Mpira ukapotea, winga wao, kijana mwembamba anayeuza simu sokoni, akapita shambani kwangu na kufunga kwenye goli lile lililoinama. Nikageuka kusubiri matusi. Akina mama walikuwa wanatazama ming'oko yao. Hakuna aliyenizomea. Wenzangu wawili walikosea baada yangu, wakatukanwa mpaka na wakwe zao, lakini mimi nikikosea, kimya. Walikuwa wananihurumia, na huruma yao iliniuma kuliko bao.

Wakati wa mapumziko nikawafuata mkekani.

"Jamani, mbona mmeninyamazia? Mimi si nacheza vibaya?"

"Unacheza vibaya sana, shemeji," akasema mdogo wake. "Vibaya kupita mwaka jana."

"Sasa si useme? Si unayajua yale maneno?"

Akaniangalia. Alikuwa na macho ya dada yake, jambo ambalo siku zote najitahidi nisilione.

"Nayajua. Lakini yale yana nwenyewe, shemeji. Mimi siwezi."

Akanimenyea mng'oko mmoja, akanipa. Nikaula nimesimama, nikarudi uwanjani.

Kipindi cha pili nilijiambia nitakaa nyuma. Nilikaa, nilikaa, kisha mpira ukaenda mbele na miguu ikafanya ukaidi wake. Nilikuwa kwenye kona yao mikono juu wakati mpira ulipokatwa. Muuza simu akauchukua. Nikasubiri ile sauti. Badala yake nikausikia ukimya ulivyo mpana, wenye upepo na kelele za bodaboda barabarani, na katikati yake pakawa na nafasi, saizi ya maneno yake kamili.

Nikarudi. Nilikimbia kama sikuwahi kukimbia, kifua kinawaka, goti linalalamika. Ukingoni mwa eneo la hatari nikamfikia, nikateleza, nikaugusa mpira ukatoka nje, safi, bila kumgusa mguu. Sote wawili tukaanguka kwenye mchanga. Miaka yote ile, hiyo ndiyo mara ya kwanza kurudi nikafika.

Kijana akainuka anacheka, kifua kimejaa mchanga, akanivuta mkono nisimame.

"Mzee! Leo umerudi! Nani kakuita?"

Nilikuwa nahema, nina furaha, na sikufikiri. Nikageuka, nikanyoosha kidole kwenye mkeka chini ya mkorosho.