Mteja Hana Zamu

Marehemu mke wangu alikuwa fundi cherehani. Wenzake walimwita Sindano, na si kwa sababu ya kazi. Ulimi wake ulichoma.

Mafundi walikaa safu moja kwenye kibaraza cha soko. Utaratibu wao ulikuwa zamu. Mteja hachagui: anapelekwa kwa fundi ambaye zamu yake imefika, na bei ni moja. Mwenyekiti wao alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu.

Asubuhi moja akaja mama mmoja na kitambaa cha sare ya binti yake. Akamnyooshea kidole mke wangu.

"Namtaka yule."

"Zamu si yake," shemeji akasema.

"Kitambaa ni chake, kaka. Mtoto ni wake. Wewe umeingilia wapi?" mke wangu akadakia.

Watu wakacheka. Shemeji hakucheka.

"Dada, kila mtu akichagua, huyu mzee wa macho mabovu atakula nini?"

"Niacheni na macho yangu," mzee akasema. "Mimi nashona kwa kupapasa."

"Mzee tutamsaidia," mke wangu akasema. "Lakini mteja tusimfunge kamba. Na mikono hii nimezaliwa nayo, sikupewa na kamati."

"Siku mikono hiyo ikichoka je?"

"Siku hiyo utaniona."

Akajitoa kwenye zamu. Nikambebea cherehani mpaka mwisho wa kibaraza, kwenye jua kali. Wateja wakamfuata. Kazi ya vifungo alimpa yule mzee, akamlipa.

Miaka ikapita. Vidole vikaanza kumvimba, mishono ikaenda upande. Wateja wakapungua. Hata yule mama akahamia kwa kijana mwenye cherehani ya umeme. Siku moja akatupita ameinamisha kichwa. Mke wangu akamwita. Nikajua leo atamchoma.

"Mwambie fundi wako aache pindo refu," akamwambia. "Binti anarefuka."

Ndipo shemeji akaja na kigoda chake, akakaa karibu naye. Hakuja kumcheka.

"Rudi kwenye zamu, dada. Utapata kazi kama wengine. Hakuna atakayeuliza habari za vidole."

"Kubali, mama," nikamwambia. Nilitaka sana akubali.

Akawa anafuta gurudumu la cherehani.

"Nilisema wana haki ya kuja kwangu," akasema. "Basi wana haki ya kuondoka. Nikirudi leo, ina maana siku zote nilikuwa natetea tumbo langu tu."

"Utaishi vipi?" shemeji akauliza.

"Vifungo."

Akaenda kwa yule mzee, akamwomba amfundishe kupapasa. Mzee akacheka mpaka akakohoa, kisha akamfundisha. Mke wangu alishona vifungo mpaka wiki aliyolazwa hospitali.

Juzi shemeji aliniuliza kama airudishe cherehani ya dada yake kwenye safu, iingie zamu. Machozi yalikuwa yanamlenga. Mimi pia.

Nilimwambia hapana. Itabaki pale mwisho. Fundi anayeitaka aje mwenyewe, tutapatana.