Vichupa Sitini na Vitatu vya Kumbikumbi

Mindra alipoajiriwa katika nyumba ya makumbusho pale Arua Hill, mwaka 1988, aliambiwa afagie. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alikuwa amerudi kutoka Aru, ng'ambo ya mpaka wa Vurra, alikokimbilia na wazazi wake wakati wa vita, na alichorudi nacho ni sufuria mbili na Kiswahili cha Kongo.

Vitu vya kufagiwa havikuwa vingi. Mwalimu Severino, aliyefundisha sayansi mjini, alikuwa ameijaza nyumba ile kwa miaka kumi na tano: ndege waliotiwa pamba tumboni, mafuvu ya viboko wa Nile, ngozi ya kakakuona, nyoka ndani ya mitungi ya spiriti. Vita vilipokuja, mwalimu alikimbia, akafia ugenini. Panya wakawala ndege. Askari wakainywa spiriti ya nyoka. Jambo hili Mindra hulisimulia bila kucheka, kisha husubiri mgeni acheke kwanza.

Kilichobaki kizima ni kabati moja la vichupa sitini na vitatu, vidogo kama kidole gumba, vilivyozibwa kwa nta. Kila kimoja kilikuwa na kumbikumbi wachache na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli. Hakuna aliyeona faida ya kuvifungua. Mindra ndiye aliyeona kwamba spiriti inapungua. Kila mwaka alikwenda kuomba nyingine hospitalini, akaongeza, akaziba upya, akasoma vikaratasi mpaka akavijua kwa moyo. Hakuna aliyemtuma.

Mwezi wa tano, mwaka 2023, akaja Annet kutoka Kampala. Huyu alikuwa mtaalamu wa wadudu, binti wa askari, na Kiswahili chake alikipata kambini Jinja. Alitumwa kuandika orodha mpya ya makumbusho. Kitakachoingia kwenye orodha kingepata kabati jipya la kioo; kisichoingia kingetupwa. Sharti lilikuwa moja: ijulikane kilikotoka.

Annet alisoma vikaratasi kumi, akavua miwani.

"Mama, hapa hakuna kijiji. Hakuna wilaya. Iko majina ya watu tu. Kichuguu cha Duku. Kichuguu cha Adrabo. Mimi nitaandika nini?"

"Andika hivyo. Hiyo ndiyo fasi yenyewe."

"Jina la mtu si mahali, mama."

"Kwenu pengine. Hapa kichuguu iko na mwenyewe, na baba akifa anaachia mtoto. Mimi niko na mbili Manibe. Uliza mutu yeyote huko kichuguu ya Mindra iko wapi, atakupeleka mpaka mlangoni. Mwalimu hakuwa mjinga."

"Miaka hamsini imepita. Vichuguu vinakufa."

"Basi twende tuone maiti."

Annet alikuwa amebakiwa na siku nne. Alimpa Mindra mbili.

Asubuhi walikodi gari hadi Koboko, wakiwa na kichupa kimoja kilichofungwa ndani ya leso. Mindra ni Mlugbara, na Kikakwa cha huko hakijui, kwa hiyo njia nzima aliuliza kwa Kiswahili. Hakuuliza kijiji. Aliuliza kichuguu cha Duku. Mtu wa tatu alinyoosha mkono kuelekea nyumba iliyo karibu na kijito.

Mwanamke mmoja alitoka, mikono imejaa unga, akasimama katikati ya njia. Alikuwa Sitti, mjukuu wa Duku.

"Nyinyi iko nani? Nani ametuma nyinyi?"

"Tunatoka makumbusho ya Arua, dada. Tunataka kuona kichuguu ya Duku."

"Duku alikufa. Kichuguu yake haikufa, na iko na mwenyewe. Mutu akianza kuuliza kichuguu ni ya nani, kesho anarudi na mwenyekiti kunyang'anya. Rudini Arua."

Annet alitaka kueleza habari za orodha. Mindra alimgusa mkono, akafungua leso na kusoma kikaratasi kwa sauti: "Kichuguu cha Duku, upande wa kijito. Hutoka mchana, mvua ya pili. Kikapu cha kwanza ni cha Yugu, kaka yake."

Sitti akapangusa unga kwenye kanga.

"Nani aliambia nyinyi habari ya kikapu?"

"Babu yako aliambia mwalimu. Mwalimu akaandika."

"Mpaka leo watoto ya Yugu wanakuja kula hiyo kikapu," alisema Sitti. "Hata kuni hawaleti. Ingieni."

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na jua lilikuwa kali. Kichuguu kilifika kiunoni mwa Annet. Sitti alichimba shimo dogo mbele ya kichuguu, akakifunika kwa blanketi, akalaza gogo chini na kumpa Mindra vijiti viwili. Wakaanza kupiga, mfululizo, kama mvua juu ya bati, maana kumbikumbi wa aina hii huitwa kwa mlio huo.

Robo saa ikapita, kisha nusu saa. Annet alitazama saa yake.

"Wewe wa Kampala," Sitti akamwambia, "wanaogopa hiyo saa. Ficha."

Aliificha mfukoni. Mindra alikuwa analowa jasho, na mikono yake haikupunguza mwendo. Kisha blanketi likaanza kutikisika. Walitoka mmoja, watano, halafu wakabubujika, mabawa juu ya mabawa, wakaporomoka shimoni kama mtama unaomwagwa. Annet alipiga magoti kwenye tope na lenzi yake jichoni, wa zamani mkono huu, wapya mkono ule. Alihesabu pingili za papasi, zile nyuzi mbili za kichwani, mara tatu.

"Ni wao," alisema. "Ni wao kabisa."

"Si nilisema," alijibu Mindra, akiendelea kupiga, kwa sababu kikapu kilikuwa hakijajaa.

Annet aliomba wiki sita zaidi, akapewa. Kati ya vichuguu sitini na vitatu walivipata hamsini na vinane. Vitano vilikuwa vimelimwa, na hata hivyo wenyewe waliwaonyesha pale vilipokuwa. Katika orodha, kwenye nafasi ya mahali, Annet alinakili kwanza maneno ya mwalimu, kisha chini yake akaweka vipimo vya ramani.

Nimepita makumbusho ya miji mingi, na sijaona watu wakisukumana mbele ya kabati la wadudu kama siku lilipofunguliwa lile la Arua. Kila ukoo ulitafuta jina lake. Sitti alikuja na watoto wote wa Yugu, akakikuta kichupa cha Duku, akatikisa kichwa. "Miaka hamsini, na hakuna aliyekaanga?"

Wasioona majina yao walikasirika, na wiki iliyofuata wakaanza kuwasili. Wa kwanza alitoka Vurra, mama mmoja mwenye chupa ya soda iliyojaa kumbikumbi hadi shingoni. Alitaka jina la marehemu mumewe liandikwe leo hii, asiondoke bila kuliona.

Mindra alimpa kiti, akachonga penseli.

"Hawa wako wanatoka mchana, ama asubuhi?"