Binti Yangu Anaenda Kambini kwa Bibi Yake, Lakini Anaenda Kama Mgeni

Admin, naomba unifichie jina, maana Wakongo wote wa Saint Paul wako kwenye page hii na nusu yao nasali nao. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mitatu, nimeolewa, tunakaa mtaa wa Frogtown, na nafanya kazi ya kutunza wazee huko Roseville. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo maneno yakiwa makali mnivumilie.

Nina binti wa miaka kumi na saba. Tulipokuja Marekani alikuwa na miaka minne. Tulitokea kambi moja ya wakimbizi Uganda, na mama yangu mzazi alibaki kule kwa sababu faili lake lilikwama, mpaka leo. Mama ndiye aliyemlea huyu mtoto. Mimi nilikuwa nashinda kwenye mashamba ya watu nikilima, yeye anambeba mgongoni, na mtoto akishikwa na malaria anamtafunia chakula ndipo anamlisha.

Tangu tupate uraia nimekuwa nikimwomba binti twende tukamsalimie bibi. Mwaka wa kwanza akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, eti ni mbali mno. Mwaka uliofuata rafiki yake alikuwa amemwalika kwenye nyumba yao ya ziwani huko kaskazini, hawezi kukosa. Nikaenda peke yangu. Niliposhuka kwenye gari mama akachungulia nyuma yangu, akauliza, "Na mjukuu wangu yuko wapi?" Nikadanganya kwamba ana mitihani. Vakansi yote hiyo, shule zimefungwa, mitihani gani!

Kazini kuna mama mmoja mzungu wa mji wa Blaine, hajawahi kupanda ndege maisha yake yote. Nilikuwa namshangaa. Paspoti yao inafungua kila mlango, na yeye hajawahi hata kuiomba! Siku moja nikamuuliza kwa nini. Akacheka, akasema, "Mama yangu anakaa karibu na mimi. Nikienda huko mbali, nani atakunywa naye kahawa Jumamosi?" Moyoni nikasema huyu ni mshamba tu. Mimi niliamini wenye moyo mkubwa ni wale wanaosafiri, kama wazungu wanaotuazima jengo la kanisa. Wao wanasali asubuhi, sisi mchana. Kila mwaka vijana wao wanaenda nje kusaidia maskini, wakirudi wanatuonyesha picha. Binti yangu anasali nao asubuhi, anasema ibada yetu sisi haiishi.

Mwezi uliopita akaingia nyumbani anarukaruka. "Mama, nimechaguliwa safari ya kanisa, naenda Uganda!" Na kambi wanayoenda ni ileile yetu. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Nikampigia mama hapohapo. Naye akamtenga jogoo wake, akawatangazia majirani wote kwamba mjukuu anarudi.

Juzi nikawa nampangia mizigo kwenye valizi. Nimeweka kitenge cha bibi, dawa yake ya magoti na sweta mbili. Binti akaingia, akaanza kuvitoa kimoja kimoja, eti anahitaji nafasi ya vifuko vya kugawa. Nikamwambia, "Bibi ameshatenga jogoo. Utalala kwake siku ngapi?"

Akainamisha kichwa. "Silali kwa mtu, Mama. Hatuachani na kundi. Halafu hawajui."

"Hawajui nini?"

"Kwamba bibi yuko pale. Kwamba na mimi nilitoka pale. Wanajua mimi ni mtu wa hapa Minnesota. Sitaki waanze kuniangalia kwa huruma."

Nikamuuliza, sasa bibi yako utamuonaje? Jamani, sikilizeni jibu la mtoto niliyemzaa mwenyewe: "Siku ya kugawa sabuni na miswaki, mwambie aje apange mstari na wengine. Nitamuona. Ila asiniite mjukuu wake mbele yao. Please, Mama."

Mstari! Mama yangu apange mstari kupokea mswaki kutoka kwenye mkono aliouosha yeye! Ile valizi niliirusha sebuleni, vitu vikatapakaa kila mahali, na maneno niliyomwambia siwezi kuyaandika hapa. Eti anaogopa huruma! Na hiyo anayowapelekea wakimbizi wenzake kwenye vifuko ni nini? Atawakumbatia watoto asiowajua ili apigwe picha, halafu aliyemtafunia chakula ajifanye hamjui. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Mimi nimemzaa mtumwa huyo, nimemlipia hadi viatu vya safari.

Baba yake ananiambia nimeze hasira. "Mwache aende, mtoto ni mtoto. Angalau mama atamtia machoni kabla hajafa." Na kweli mama anaumwa moyo, kwenye simu anahema kama aliyepanda mlima. Nikimzuia binti, huenda wasionane tena. Nikimruhusu, nimekubali mama yangu adhalilishwe, tena na damu yake mwenyewe.

Jana nikampigia mama, nikamweleza yote bila kuficha. Nilitaka naye akasirike, aseme mtoto huyo asikanyage pale.

Badala yake akauliza, "Huo mstari unaanza saa ngapi?"

Nikaanza kulia. Akasema, "Usimpigie mtoto kelele. Mwambie asimame upande wa mbele, na ajifunge kitambaa chekundu kichwani. Najua watavaa nguo za kufanana, na macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Wanaondoka Alhamisi. Hicho kitambaa chekundu sijakinunua, na binti yangu sijazungumza naye tangu juzi. Ndugu zangu, msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, nipeni ushauri wa kweli: nimwache aende, au nimzuie?