Siku Stima Alipokuja Kanisani

Aibu yangu ya Pasaka watu wa Malinya wanaicheka mpaka leo, na mimi nimechoka kusikia wakiieleza vibaya, wengine eti nilibaki uchi (si kweli, kaptula nilikuwa nayo), kwa hivyo acha niieleze mwenyewe. Lakini nianze na mto, maana bila ule mto ulimi wangu haufunguki.

Nilikuwa mdogo, mto Yala umefura, na mama alikuwa ametutuma Iguhu kupeleka kuku kwa shangazi, mimi na ndugu yangu mkubwa Lijodi. Daraja lenyewe lilikuwa gogo tu, na maji yalikuwa yamelipita juu. Lijodi akanibeba mgongoni, kuku nikamshika mimi, na kwa ule mkono mwingine nikamshika yeye sikio, halafu katikati ya maji nikasikia mgongo unatetemeka. Nikamuuliza, "Unaogopa?" Akasema, "Ni wewe unatetemeka. Nyamaza, shikilia kuku." Tukavuka. Kuku pia alivuka, ingawa alikuwa amekasirika sana.

Basi huyo Lijodi alipokua akawa mtu wa ng'ombe wa kupigana. Huku kwetu fahali wa namna hiyo analishwanga kama mgeni, na siku ya mchezo anaamshwa alfajiri na ngoma za isukuti na nyimbo, halafu kundi la watu linampeleka uwanjani akapambane na dume la upande mwingine. Lijodi alikuwa anashika kamba, mimi natangulia mbele napiga mluzi na kumlambisha chumvi kwenye kiganja. Dume letu la mwisho tulimwita Stima, yaani umeme, kwa sababu ukimgusa vibaya anakurusha.

Halafu nikaokoka, na baadaye (shule yangu iliishia darasa la tatu, lakini Biblia nilijisomea kwa kidole, mstari kwa mstari) nikapewa kanisa dogo la udongo pale kilimani. Uwanja wa ng'ombe nikauacha. Lijodi hakugombana na mimi, heri angegombana. Alisema tu, "Sawa, Pasta. Umeniacha na ng'ombe." Kila Kwaresma nilikuwa naenda kumwalika kanisani, na jibu lake lilikuwa lile lile: "Siku Stima akienda kanisani, na mimi nitaenda." Watu wa nyumba yake wanacheka, nakunywa chai, narudi.

Mwaka ule wa miaka ya tisini (namba yenyewe imenitoka) Lijodi alianza kukohoa, kikohozi cha kumkunja mtu kama karatasi, na mimi nikaingiwa na hofu. Nilitaka ndugu yangu akae kanisani hata mara moja kabla hatujazikana. Kwaresma yote nilihubiri juu ya kuacha, acheni hiki, acheni kile, mwenyewe nikaacha sukari na nyama, mpaka siku moja nikiwa napalilia mahindi nikajiuliza: wewe mzee, sukari umeacha sawa, lakini kumwacha Lijodi ni nani alikuagiza? Jembe likasimama. Mungu alinitoa kwenye mapigano ya ng'ombe, hakuniambia nimtupe mtu aliyenibeba majini. Hilo sikulipata kwenye kitabu, nililipata kwa mahindi.

Hapo ndipo nikaamua kitu kidogo tu. Ngoma zetu zilikuwa zimelala Kwaresma yote, na asubuhi ya Pasaka tunapandanga kilimani kabla ya jua tukiimba. Vijana wa ngoma wakaniuliza tutapitia wapi. Nikasema tupitie kwa Lijodi. Tena nikaongeza (ningeuma ulimi), "Mkifika pale pigeni kweli kweli, asikie."

Sasa fikiria vijana waliokaa na njaa ya ngoma wiki zote hizo, na karibu wote ni wale wale wanaoamsha ng'ombe wa Lijodi siku za mchezo! Mkono wao ulijua mdundo mmoja wa alfajiri, ni huo huo wa kuamsha fahali. Mimi niko mbele na kanzu nyeupe mpya niliyoshonewa na akina mama, chini yake kaptula kwa sababu ya matope ya mvua, suruali yangu ya kanisani ameibeba Mama Ayub, kiongozi wa akina mama, kwenye mfuko. Nyuma yangu yuko mwangalizi wetu kutoka Kakamega mjini, mtu wa miwani, amekuja kuona kama mchungaji wa darasa la tatu anaweza kanisa.

Tukafika kwa Lijodi. Ngoma ikawaka, tukaimba amefufuka, amefufuka, na ndani ya boma kitu kikanguruma, halafu ua ukavunjika kaaa, Stima huyo nje!

Kwa Stima hiyo ilikuwa siku ya kupigana. Ngoma zimekuja kumchukua, watu wamejipanga, na mbele amesimama yule mtu wake wa chumvi. Alikosea nini? Watu wakatawanyika, mwangalizi akapanda mpera na viatu vyake, Mama Ayub akaingia kwenye mahindi na suruali yangu. Mimi nilibaki (si ushujaa, miguu ilikataa). Stima akaja taratibu, akanusa kiganja, akatafuta chumvi ndani ya mkono wa kanzu, akakosa, akaingiza pembe chini ya kanzu na kuinua kichwa aone kama nimeificha huko juu. Kanzu ikatoka yote kupitia kichwani, ikabaki kwenye pembe inapepea.

Ngoma zikakatika. Halafu sauti ya Mama Ayub ikatoka kwenye mahindi: "Mchungaji, kaburi liko wazi, na sanda ndiyo hiyo!"

Yule wa kwenye mpera alicheka mpaka mapera yakaanguka.

Lijodi akatoka mbio na koti lake kubwa la uwanjani, kamba mkononi, anakohoa. "Nani amesimamisha ngoma? Pigeni! Ng'ombe ameitwa, ngoma ikikatika anatafuta adui, na hapa hakuna dume lingine, ni nyinyi!" Wakapiga. Stima akakubali kufungwa kamba, lakini kurudi nyumbani akakataa. Siku ya ngoma fahali anaendanga mbele, na mbele ilikuwa kanisani.

"Twende basi," nikamwambia.

"Uko na kaptula, Pasta."

"Najua."

"Umefanya makusudi, wewe."

"Ningefanya makusudi ningevaa suruali."

Akaangalia chini, nikaona anauma mdomo asicheke. "Haya, tangulia. Piga ule mluzi wako."

Nikapiga. Hivyo ndivyo tulivyopanda kilima siku ya Bwana kufufuka, mchungaji wa kaptula mbele akipiga mluzi wa ng'ombe, fahali na kanzu kwenye pembe, na waumini nyuma kwa mbali sana.

Stima akafungwa kwenye nguzo ya mlango, akawa anajikuna, mabati yanalia. Lijodi akaketi benchi ya mwisho. Mama Ayub na mfuko wake bado hawajulikani waliko. Nikahubiri hivyo hivyo, baridi inanichoma magoti, juu ya Yesu kuwaambia wale akina mama wa kaburini waende wakawaambie ndugu zake. Ametoka kaburini sasa hivi na tayari anauliza ndugu, na ni wale wale waliokimbia! Nilikuwa nasema hayo namwangalia mtu mmoja tu. Halafu mdomo wangu ukanikosesha tena: "Kama kuna mtu anataka kuja mbele, aje sasa."

Kanisa lote likageuka nyuma kumwangalia Lijodi. Nilitamani kuyameza yale maneno.

Akasimama. Akina mama wakaanza, asante Yesu, asante Yesu. Akaja mpaka mbele, hakupiga magoti, akavua lile koti akanivika mabegani. Lilinuka ng'ombe na moshi.

"Unatetemeka, mwana wefu," akasema. Ndivyo tunavyoitana ndugu kwa lugha ya nyumbani, na hakuwa ameniita hivyo tangu aanze kuniita Pasta.

"Ni wewe unatetemeka," nikamwambia.

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Shikilia kuku," akasema.

Mwangalizi aliniachia kanisa, akanishauri tu nitembee na chumvi. Na mimi niliapa sitamtumia mtu ngoma mlangoni kwake tena, nikimtaka naenda kwa miguu yangu, nakaa, na kama Injili haitaki siku hiyo tunaongea ng'ombe. Kwa Lijodi nilienda kila Jumapili jioni, mpaka mwisho wake.

Lakini siku ile nilidhani ameanza kuja kanisani. Alipita katikati ya benchi na shati tu, akatoa kanzu kwenye pembe akaining'iniza vizuri mlangoni, akafungua kamba, akashuka kilima na Stima wake akipiga ule mluzi wangu, vibaya, na kanisani hakurudi tena.